Omu Kubwa

4 Februari

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Nimesikia kwamba siku uliyostaafu uliwaambia watu kuwa masikio yamemaliza kazi yake, simu hutaki kuiona, na mwenye jambo aandike kwa mkono unaosomeka. Basi huu ndio mkono wangu. Haujatengemaa sana tangu uliponirudishia daftari na kuniuliza kama nimeandika mimi au ameandika kuku.

Tangu niache chuo mwaka wa pili sijakuandikia, na ni aibu iliyonizuia. Lakini sikai bure. Nipo kwenye duka la kutengeneza simu. Nabadilisha vioo, nachokonoa vumbi kwenye matundu ya chaji, natoa betri zilizovimba kama shavu la mwenye jino bovu. Naishi kwa dada yangu na mumewe, chumba cha uani.

Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Kila Jumamosi mchana tunakutana watu ishirini hivi kwenye chumba cha nyuma cha duka. Ni watu wa vepu, zile sigara za umeme. Ndani yake kuna betri, pamba iliyolowa maji yenye ladha, na kijiwaya kilichosokotwa tunachokiita koili. Ukibonyeza kitufe koili inawaka, maji yanageuka mvuke, unavuta. Wengi waliingia humo ili waachane na sigara. Wengine wamenogewa na ufundi tu, wanasokota koili zao wenyewe na kushindana nani atatoa wingu kubwa zaidi.

Wana lugha yao, Mwalimu. Ungeisikia ungecheka, au ungechukua kofia yako ukaondoka. Betri ikikaa siku nzima wanasema ina volti nyingi. Mvuke ukikwaruza koo wanasema wati zimekuwa kali. Na mtu akitoa wingu linaloziba dirisha, wenzake wanamwuliza, "Leo umefunga omu kubwa, eh?" Mimi peke yangu ndiye niliyewahi kufungua kitabu cha umeme, kwa hiyo wananiita Profesa.

Nimewaandikia mwongozo, kurasa sita, kuhusu namna ya kusokota koili, betri ipi ibebe koili ipi, na mambo ya kuogopa. Nimetumia maneno yao ili waelewe. Nakala moja nimeitia humu. Naomba uipitie uniambie palipo na kosa kabla sijaichapa na kuigawa. Nitasubiri jibu lako.

Na kama hakuna kosa, ukiniambia tu kwamba nimefanya vizuri, nitalitunza neno hilo.

Mwanafunzi wako


19 Februari

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Je, barua yangu ya tarehe nne ilifika?

Kuna jambo limetokea. Jumatatu mchana mtu mmoja wa kikundi chetu, ambaye ni kinyozi, alikuwa amemaliza mteja mmoja na anamngoja mwingine. Akabonyeza kifaa chake, betri ikalipuka mkononi. Yupo hospitali ya rufaa. Mkono wa kulia umeungua hadi kwenye kifundo. Gumba na kidole cha shahada madaktari bado wanavijadili. Mdomo wa chini umeshonwa na meno mawili hayapo. Macho yamepona kwa bahati.

Kifaa chenyewe kilikuwa cha aina nyepesi kabisa: bomba la shaba, betri ndani, koili juu, basi. Hakina sakiti ya kukata umeme ukizidi. Kinachoilinda betri ni akili ya mwenyewe tu. Betri aliitoa kwenye tochi yake. Koili imeyeyuka, lakini alisokota mbili zinazofanana siku hiyohiyo na ile ya pili nimeipima. Ni sehemu moja ya kumi ya omu.

Nataka kujua kitu kimoja, kama fundi kwa fundi. Mtu akisoma maneno haya, "Betri ya kawaida usiipe omu kubwa, itachemka," ataelewa nini?

Mwanafunzi wako


23 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ya kwanza ilichelewa njiani. Posta yetu unaijua. Nimezisoma zote mbili pamoja.

Umeniuliza mtu ataelewa nini. Ataelewa kilichoandikwa. Hilo ndilo tatizo la kuandika.

Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani waya unaugomea umeme kiasi gani. Hili nililifundisha wiki ya tatu ya muhula wa kwanza, na wewe ulikuwepo, ulikuwa unakaa dirishani. Ukinzani ukiwa mkubwa, umeme unaopita ni mchache. Ukinzani ukiwa mdogo, umeme unamiminika. Betri ya tochi iliyojaa ina volti nne na ushee. Igawe kwa sehemu ya kumi ya omu, utapata ampea zaidi ya arobaini. Betri ile ilitengenezwa kutoa tano, ikibanwa sana labda kumi. Umeitwika mzigo wa punda wanne ukamwambia mmoja aende.

Watu wako wanaposema "omu kubwa" wanamaanisha koili inayowaka kwa nguvu, na koili hiyo ndiyo yenye omu ndogo kuliko zote. Wamelishika neno miguu juu. Wakiwa wao kwa wao halidhuru, kwa sababu hawapimi nalo, wanajisifu nalo. Lakini siku mmoja wao atakapochukua mita ya kupimia ukinzani akasoma namba, neno hilo litamwongoza upande usio wake. Anayetii maandishi ndiye atakayeumia. Asiyejali atapona.

Hukunieleza kama maneno hayo yametoka kwenye mwongozo wako. Nimeuona mstari huo, ukurasa wa nne.

Huyo kinyozi ni nani? Ana watu wa kumwangalia?

Mwalimu wako


1 Machi

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Ni mstari wangu.

Kinyozi ni shemeji yangu, mume wa dada, mwenye nyumba ninayolala. Sikukuambia mwanzoni kwa sababu nilitaka unijibu bila kunionea huruma.

Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye vepu. Alikuwa anavuta pakiti nzima kwa siku, na binti yao wa miaka minne anakohoa kila akibebwa naye. Siku moja mtoto alimwambia, "Baba, nibebe ukishaoga." Akaja chumbani kwangu na maneno hayo kama mtu aliyepigwa, akaniuliza kuna njia gani. Nikampa kifaa changu cha zamani, kile cha bomba la shaba. Siku ya tatu alikuwa hajagusa sigara. Mwalimu, nilijisikia mtu.

Nilipofika wodini siku ya kwanza hakuweza kusema kwa sababu ya mdomo. Nesi alimpa kipande cha boksi la dawa na kalamu, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za kupinda: NILIPIMA ZOTE. NIKACHAGUA NDOGO. ULISEMA KUBWA ITACHEMKA.

Alikuwa na koili nyingine, Mwalimu. Ilisoma karibu omu moja. Angeitumia ile angekuwa ananyoa mtu sasa hivi. Aliiweka kando kwa sababu yangu, akaazima mita yangu ili afanye kwa usahihi.

Maana ya omu niliijua. Sikusahau. Siku za kwanza za kikundi nilimsahihisha mmoja wetu tunayemwita Rubani, kwa sababu ya mawingu yake. Nikamwambia, "Hiyo ni omu ndogo, siyo kubwa." Chumba kizima kikacheka. "Haya, Profesa kaongea." Hapo ndipo jina lilipotoka, na kwanza lilikuwa la kunidhihaki. Jumamosi iliyofuata nikasema omu kubwa kama wao. Hawakucheka tena, na jina likabaki, sasa kwa heshima. Nikaona kumbe ndivyo vitu vinavyokwenda.

Dada ni fundi cherehani, anafanyia kazi barazani. Hajanisemesha tangu siku ile. Ananiwekea chakula mezani, anarudi kwenye cherehani, anashona kwa kasi hadi namaliza.

Laiti posta ingefanya haraka. Jibu lako lingenikuta mapema, ningeufuta mstari ule.

Mwanafunzi wako


6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Posta haikuchelewa.

Barua yako ilifika Jumamosi tarehe saba Februari, asubuhi. Niliisoma nikiwa bado nimesimama mlangoni. Niliusoma na mwongozo. Ukurasa wa nne nilichukua kalamu nyekundu, nikapigia mstari "omu kubwa", nikaandika pembeni "Kinyume". Nikaona nimemaliza. Kisha nikaitia barua kwenye droo ya meza.

Nitakueleza kwa nini, na usichukue maelezo haya kuwa utetezi. Nilikuwa na wanafunzi wa umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Kulikuwa na watatu ambao mikono yao na vichwa vyao vilisikilizana, na wewe ulikuwa mmoja. Uliondoka bila kuaga. Miaka sita kimya. Halafu unaniandikia, na jambo lenyewe ni watu wazima wanaokusanyika kupuliza mvuke dirishani. Nilikasirika. Nilisema moyoni, moshi ni moshi, waache wapulize na maneno yao. Nilikusudia uone ladha ya kutojibiwa.

Hesabu ni fupi. Ningekuandikia siku ile ile, barua ingekufikia tarehe kumi au kumi na moja. Betri ililipuka tarehe kumi na sita.

Nilipopata barua yako ya pili nilijua papo hapo. Nikaandika "ilichelewa njiani". Ni neno jepesi sana kuandika. Nimewakata alama wanafunzi kwa uongo mdogo kuliko huo.

Wewe ulikosea kama mwanafunzi, ukamwuliza mwalimu, ukangoja. Mwalimu ndiye aliyeona na kunyamaza. Nakuomba usilibebe hili lote.

Mwambie dada yako nani aliyenyamaza.

Mwalimu wako


20 Machi

Mwanangu,

Siku kumi na nne sijapata neno kutoka kwako. Sikulaumu.

Ijumaa ijayo nitapanda basi kwenda hospitali ya rufaa. Sitakuja kwako kukusumbua. Nina jambo na mwenye mkono.

Mwalimu wako


2 Aprili

Shemeji,

Usishangae mwandiko. Ni wa kushoto. Dada wa mazoezi ya viungo amesema niandike ukurasa mmoja kila siku ili mkono huu ujifunze. Siku tatu nimeandika jina langu mpaka nimelichoka, basi leo nakuandikia wewe. Mke wangu ataileta. Hajui kilichomo, na hajauliza.

Kwanza habari. Gumba limebaki lakini halikunji. Kidole cha shahada wamekitoa kwenye kiungo cha pili. Mdomo umepona, naongea, ila herufi S inanitoka na upepo. Mwanangu anasema baba anaongea kama chupa.

Sasa sikia. Mzee wako alikuja Ijumaa. Nilimwona anatembea katikati ya vitanda anasoma namba moja moja, kofia mkononi. Akakaa kwenye kiti cha wageni, akatoa daftari na kalamu akaviweka juu ya shuka langu. Akasema, na unajua wasiosikia wanavyoongea, wodi nzima ilimsikia, "Mimi ndiye niliyeliona kosa nikalifungia kwenye droo. Nimekuja uniambie kinachouma."

Nikaandika: Kinauma kile kipande walichokitoa.

Akasoma. Kisha akanieleza yote. Jinsi ulivyomwandikia, jinsi alivyokasirika, tarehe zote. Alizijua kwa kichwa. Akamaliza hivi, nakunukulia kama alivyosema: "Mwanafunzi wangu alifanya inavyopasa. Aliuliza kwanza, akasubiri."

Mimi nikashika kalamu, shemeji. Maana nakala zile arobaini za mwongozo, za watu wa kikundi na marafiki zao, nilizibana pini mimi. Ilikuwa Jumanne tarehe tatu, sebuleni, mtoto ananipokonya kasha la pini na wewe unazipanga kwenye mfuko. Siku hiyohiyo ulikwenda kuzigawa. Barua kwa mzee uliiandika kesho yake. Nakumbuka kwa sababu uliniomba stempu, ukasema, "Namtumia Mwalimu aone nimekuwa nani."

Nikakaa na kalamu ile. Mwisho nikaandika: Asante kwa kuja, mzee.

Sikukufichia siri. Niliona tu kwamba siyo langu la kusema.

Kuhusu mkono sikudai kitu leo. Nilikuwa na mita, ningeweza kuja kukuuliza, chumba chako ni hatua kumi kutoka jikoni. Hayo tutayazungumza nikirudi, na huenda nikakukasirikia sana, sijui bado. Lakini mzee yule alipoondoka alikosea mlango akaingia stoo ya mashuka. Alipotoka alikuwa anajifuta uso. Amebeba wa kwake na wako. Hajui.

Wewe unajua. Na mwezi mzima umekaa kimya.

Shemeji yako


6 Aprili

Mwalimu wangu,

Shikamoo.

Mwongozo ulikuwa umeshachapwa na kugawiwa nilipokuandikia. Niliugawa tarehe tatu. Barua niliiandika tarehe nne, nikaandika "kabla sijaichapa", nikaandika "nitasubiri". Nilikuwa sisubiri kitu. Nilitaka unisifu. Nilifikiri, akiona kosa dogo nitalirekebisha toleo lijalo, na akisifu nitawasomea Jumamosi mbele ya Rubani na wote.

Ulipokiri kuhusu droo nilikuwa dukani, nina simu ya mtu mezani imefunguliwa. Nitakuambia nilichohisi, kwa kuwa sina kingine cha kukupa. Nilipumua. Nilihisi mtu amekuja kunipokea mzigo mlangoni. Nikamaliza ile simu, nikaifunga, nikamrudishia mwenyewe, nikatabasamu. Kila siku nilisema nitakujibu kesho. Ukweli ni kwamba sikutaka kuandika lolote ambalo lingekufanya uhesabu upya.

Ulisema nimwambie dada nani aliyenyamaza. Nilimwambia. Hilo nililifanya haraka. Nilisimama barazani nikamwambia, "Mwalimu aliona kosa akakaa kimya." Aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani, akanitazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu. Akauliza, "Na wewe ulikuwa wapi?" Nikaingia ndani.

Halafu wewe ukapanda basi, mtu wa umri wako, ukaenda kuinama kando ya kitanda kwa ajili yangu. Ningekuandikia neno moja tu usingekwenda. Nililipata lile tangazo lako la wiki moja kabla. Nililisoma. Nilikuwa na muda wa kukuzuia.

Kuna swali ambalo huenda utaliuliza, basi nalijibu. Kama ungenijibu siku ile ile, na barua ikafika tarehe kumi na moja, je, ningekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia watu arobaini kwamba Profesa amekosea? Nimelifikiria kila njia. Sijui, Mwalimu. Shemeji labda ningemwambia, kwa sababu yupo nyumbani. Labda. Siwezi kukuapia.

Sistahili kujiita mwanafunzi wako, basi naacha nafasi.




12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba.

Nimeisoma barua yako mara moja, nikatoka nikatembea hadi sokoni na kurudi, nikaisoma tena.

Ulidhani nitahesabu upya. Nimehesabu. Tarehe yako haiondoi yangu. Niliona neno linaloweza kuumiza watu, nikaliandikia "Kinyume" pembeni, mahali ambapo hakuna macho isipokuwa yangu. Kama mwongozo ulikuwa umegawiwa au haujagawiwa, mimi sikujua, na sikutaka kujua. Kwa hiyo safari ya hospitali haikuwa ya bure, na sitaki uniombe radhi kwa nauli ya miguu yangu. Nilikwenda kwa deni langu mwenyewe.

Lakini mbele ya mtu yule nilikusifu. Nilisema ulisubiri. Na yeye alijua si kweli, akaniacha niseme, akaniandikia asante. Hapo uliniweka wewe. Sijalisamehe bado, na sitakudanganya kwamba nimelisamehe ili barua iishe vizuri. Nimeshachoka na maneno mepesi.

Unasema hujui kama ungewaambia. Katika barua zako zote, huo ndio mstari wa kwanza uliopimwa. Anzia hapo.

Nataka mambo mawili. La kwanza, nakala arobaini zitafutwe zote, na anayepewa habari aambiwe na wewe, kwa mdomo wako, bila kutaja jina langu. La pili, usimame Jumamosi mbele ya watu wako useme kwamba ulijua. Wakiambiwa tu kwamba mstari ulikosewa watasema ni bahati mbaya. Waambie ulijua.

Nakurudishia mwongozo. Nimeusahihisha wote safari hii, siyo neno moja. Badala ya "omu kubwa" nimeandika namba kila mahali, na palipohitaji neno nimeandika "ukinzani". Watalalamika kwamba ni refu. Walalamike.

Umeacha nafasi tupu pale chini. Nimesahihisha madaftari yako miaka miwili, nafasi tupu najua maana yake ni uvivu. Barua ijayo tia sahihi.

Mwalimu wako


20 Mei

Mzee wangu,

Shikamoo. Ni mimi kinyozi. Mwandiko umenyooka kidogo, natumaini unausoma bila miwani miwili. Shemeji yangu anakuandikia kila wiki sasa, najua, lakini kuna mambo hawezi kuyasema mwenyewe, na mimi bado nadaiwa ukurasa kwa siku na yule dada wa mazoezi.

Nimeruhusiwa tangu mwanzo wa mwezi. Jumamosi tarehe tisa nilikwenda naye kwenye kikundi. Sikuwa nimeombwa. Nilikaa nyuma karibu na mlango, mkono mfukoni. Sikuutoa muda wote. Sikutaka mkono umsemee, wala umseme.

Alisimama kwenye meza ya kutengenezea simu. Akasema, "Ukurasa wa nne niliandika kinyume. Omu ndogo ndiyo inayochemsha betri. Nilijua hivyo nilipoandika."

Rubani akasema, na hakusema kwa ubaya, "Lakini sote ndivyo tunavyosema. Kila mtu hapa anajua tunamaanisha nini."

Akamjibu, "Kinyozi hakujua. Alikuwa mgeni, akaamini nilichoandika. Ninyi mlikuwa mnaongea. Mimi niliandika, na mimi ndiye niliyekuwa najua."

Mmoja akauliza kama bado anaweza kutumia betri ya kompyuta ya zamani. Mwingine akageuza kifaa chake mkononi akakiweka chini mezani taratibu. Hakuna aliyemtukana, na nadhani angependa atukanwe. Wakati wa kutoka Rubani alimwita Profesa kama kawaida. Akamwambia, "Naomba usiniite hivyo." Basi.

Nakala thelathini na saba zimerudi. Tatu bado. Moja iko kwa dereva wa lori ambaye hana nyumba inayoeleweka. Kila Jumapili shemeji anatoka kumtafuta kwenye vituo vya malori, anaacha maelezo kwa watu.

Kati yangu na yeye tulikasirikiana, kama nilivyoahidi. Nilimwambia yote, jikoni, mchana mmoja, hata mengine ambayo hayahusiani na betri. Alisikiliza amesimama. Sigara sijarudia, ukitaka kujua. Vepu nayo nimeacha. Nakohoa tu kwa mazoea.

Lakini nilichotaka kukuandikia ni cha jana.

Nimefungua kibanda cha kunyoa tena. Nilikuwa nimefungua siku tatu bila mteja. Watu wanachungulia, wanaona mkono, wanasalimia kwa heshima nyingi na kupita. Siwalaumu. Nani atampa kichwa chake mtu wa mkono wa kushoto aliyeanza juzi. Jana mchana shemeji akaja kutoka dukani kwake. Akavuta kiti akakaa mbele ya kioo.

Nikamwambia, "Nitakuharibu."

Akasema, "Najua."

Nikachukua kile kitambaa cheupe cha kumfunga mteja, na hapo nikakwama, maana fundo linataka mikono miwili na gumba langu halishiki. Nikajaribu mara tatu. Mke wangu alikuwa ameleta cherehani yake pale kibandani ili asiniache peke yangu. Aliacha kushona. Akaja nyuma ya kaka yake, akanichukulia kitambaa, akamfunga shingoni. Miezi mitatu hakuwa amemsemesha ila swali moja tu, na jana pia hakumsemesha. Ila alikaza vizuri, akaingiza kidole kuona kama hakimbani, akarudi kukaa.

Nikawasha mashine. Juu nilikwenda sawa, polepole. Nilipofika kwenye kuchonga mstari kwa wembe, mkono wa kushoto haukunitii. Nilimkata kidogo nyuma ya sikio. Damu ilishuka hadi kwenye kitambaa. Nilimwona kwenye kioo, macho wazi. Hakusogea.

Nikapangusa, nikaendelea.

Kinyozi